Siku ya Malipo, Siku ya Kukamatwa

Mtu wa mbali akisikia habari za watu wanaovuka mipaka kutafuta riziki, kichwani huona maji: mtumbwi uliozidisha abiria, wimbi, maiti ufukweni. Sisi wa Kigoma maji tunayo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozidi kuwa refu kwenda chini, na upepo wa kusi ukishika kasi kiangazi, hata wavuvi waliozaliwa Kibirizi hurudisha vyombo mapema. Mto Malagarasi, pale unapotutenganisha na Burundi, una mamba. Watu hufa humo na sitaki kulifanya jambo dogo. Ila Mrundi anayelima kwetu ameshayavuka hayo yote salama. Linalomngoja liko mbele, miezi kadhaa baadaye, siku atakayokwenda kwa tajiri wake kudai hela yake.

Kisa chenyewe kinajulikana kuanzia Kakonko hadi Kaliua. Kibarua amelima, amepalilia, amevuna. Anaambiwa aje Jumamosi achukue chake. Ijumaa usiku mlango wa kibanda unagongwa, au Jumamosi yenyewe asubuhi gari linasimama uani. Kibali hana. Anapakiwa. Siku chache baadaye yuko mpakani Manyovu mikono mitupu, na msimu mzima wa jasho lake umebaki huku, ndani ya magunia ya mtu mwingine. Ukitazama karatasi zilizoandikwa siku ile, mwenye kosa ni mmoja tu, naye ni yeye. Askari ametimiza wajibu wake. Mwenye shamba ni raia mwema aliyetoa taarifa.

Ndiyo maana nasema sheria ya uhamiaji, kwa namna tunavyoitumia huku magharibi, imekuwa njia rahisi ya kufuta madeni. Haikutungwa kwa kazi hiyo, na wanaoisimamia wengi hawana nia hiyo. Lakini silaha haiulizi nia ya fundi aliyeifua, inamtii aliyeishika, na kwenye mashamba yetu siku ya malipo aliyeishika ni yule anayedaiwa.

Sababu za kuvuka hazihitaji mtaalamu kuzieleza. Burundi nzima ni kilomita za mraba 27,834 zenye watu zaidi ya milioni 12. Mkoa wa Kigoma peke yake, ukihesabu na maji, una takriban kilomita za mraba 45,000, na sensa ya 2022 ilitukuta hatujatimia milioni mbili na nusu. Familia nyingi vijijini kule zinalima kipande kisichofika hekta moja, na kipande hicho hukatwa tena kila kijana anapooa. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa asilimia 38 kwa mpigo mmoja. Petroli imekuwa ya kulala kwenye foleni. Shilingi yetu hii tunayoilalamikia kila kukicha, kule ni pesa ya kuwekwa chini ya godoro. Kijana wa Rutana akijumlisha hayo hahitaji dalali wa kumshawishi, ingawa dalali naye yupo.

Tena haji ugenini kabisa. Kiha, lugha ya kwetu Kigoma, na Kirundi vinasikilizana. Mtu wa Buhigwe na mtu wa Makamba wanapatana bei ya maharage bila Kiswahili kuingia kati. Wameoana, wamezikana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wote walikuwa chini ya Mjerumani mmoja, ndipo Mbelgiji akachukua Urundi na Mwingereza akabaki na Tanganyika. Vijia walivyopita wazee wao kwenda gulio la ng'ambo ndivyo leo tunaviita njia za panya.

Njiani kuna hatari zake, nazitaja haraka kwa sababu wengi wanazijua. Kuna wanaovamiwa na kuporwa kidogo walichonacho. Kuna dalali anayelipwa kwa kichwa, anayemwahidi mtu Kasulu halafu anamshusha Sikonge, mbali kiasi kwamba hata akitaka kurudi kwa miguu hajui aelekee wapi. Kuna wanawake wanaotozwa kwa miili yao kile ambacho wanaume wanatozwa kwa fedha. Na kuna wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta, ambao kwa utaratibu wa makambi hawaruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Huyu akitoka kwenda kupiga jembe kwa sababu mgao wa chakula umepungua, anakuwa na makosa kabla hata hajashika mpini.

Sasa twende shambani, maana huko ndiko mambo yanakofungwa.

Mapatano ni ya mdomo. Yapo ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kuna anayelima kwa ekari: anamaliza kipande, kinapimwa kwa hatua, analipwa, anahamia kwa mwingine. Huyu anaweza kupunjwa, lakini hasara yake ni ya siku chache na akishaonja mara moja harudi. Kuna na yule wa msimu. Anapewa pa kulala, unga, maharage, chumvi, pengine na sabuni. Hela yake anatajiwa siku ya kwanza, na anaambiwa ataipata yote kwa pamoja mwisho wa kazi. Wengi wanaipenda njia hii, na si kwa ujinga. Mtu asiye na akaunti, anayelala kwenye kibanda kisicho na kufuli, ataiweka wapi hela ya kila wiki? Kwa tajiri ndiyo benki. Na anataka kurudi kwao na kiasi kinachoonekana, cha kununua mabati au ng'ombe, asirudi na vijisenti vilivyokwishaliwa na magulio.

Ila benki hii haitoi risiti.

Kwenye tumbaku ya Tabora muda huo hurefuka zaidi. Vitalu huandaliwa kabla ya mvua. Miche inahamishiwa shambani Novemba na Desemba. Kuchuma majani na kuyakausha kwenye mabani kunaanza mwaka mpya, na hapo kuna kuni za kukata na usiku wa kukesha kulinda moto usizidi wala usipungue. Masoko huanza kufunguliwa Aprili au Mei, na fedha ya mkulima nayo haiji siku ileile mzigo unapopimwa. Kwa hesabu hiyo kibarua amemkopesha tajiri wake nguvu za miezi minane au tisa, bila riba, bila dhamana, bila hata kipande cha karatasi.

Angalia basi madeni ya mkulima huyo yanavyopangana siku tumbaku inapouzwa. Mbolea na dawa alizikopa kupitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, kwa hiyo hukatwa hukohuko kwenye malipo kabla yeye hajagusa shilingi. Ushuru hukatwa. Mkopo wa benki hukatwa. Mwenye duka la kijijini ana daftari lenye jina lake, na wanasali pamoja. Shule ya mtoto haisubiri. Anayebaki wa mwisho kwenye mstari ni yule aliyeyachuma majani yenyewe. Mbolea ina karatasi, kazi haina. Daraja la tumbaku likishushwa sokoni, kama linavyoshushwa mara nyingi, fedha inaisha kabla ya kumfikia.

Sidhani kwamba wakulima wetu ni wezi. Nawajua wa Kasulu ambao vibarua walewale hurudi kwao mwaka hata mwaka, na hakuna ushahidi unaozidi huo kwamba wanalipa. Naamini hata wengi wa wanaodhulumu hawakupanga kudhulumu Oktoba. Lakini mtu aliyebanwa na madeni sita, matano hayakimbiliki na la sita linafutika kwa kupiga simu moja, unamtaka awe malaika. Wengine, kweli, wanalipanga tangu mwanzo. Hao huanza kumkata mapema, leo posho, kesho jembe lililovunjika, keshokutwa dawa ya malaria, hadi siku ya hesabu kibarua anaambiwa yeye ndiye anadaiwa. Akibisha, kuku wa jirani amepotea na Mrundi ndiye mwizi. Kisha simu.

Kinachonishangaza kwenye simu hiyo ni kwamba anayepokea hamuulizi anayepiga swali la kawaida kabisa: wewe umemjuaje kuwa si raia, na amekuwa akilala kwa nani? Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 haimtazami mgeni peke yake. Kumwajiri mgeni asiye na kibali ni kosa la mwajiri pia. Kwa hiyo taarifa ile ya raia mwema ni ungamo, kama ingesikilizwa hadi mwisho. Haisikilizwi hadi mwisho. Na kibarua naye hawezi kusema "namdai," maana kusema hivyo ni kukiri kwamba alikuwa akifanya kazi asiyoruhusiwa. Ananyamaza kujikinga, na ukimya wake unamkinga aliyemdhulumu.

Wakati mwingine simu hiyo hupigwa na dola yenyewe, kwa wote kwa pamoja. Baada ya agizo la Rais Kikwete la Julai 2013 kuwataka wasio na vibali waondoke, Septemba ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu waliondolewa, na wapo waliokuwa wamekaa miongo, wana wake na watoto wa hapa. Mjadala uliofuata ulikuwa wa uraia, mifugo na siasa za majirani, na ulistahili. Swali la nani alibaki na mishahara ya waliopakiwa sikumbuki kulisikia bungeni wala redioni. Operesheni ya namna hiyo, hata ikiendeshwa kwa nia safi kabisa, kwa mwenye shamba mwenye madeni ni msamaha ulioshuka kutoka juu.

Na sisi wa Kigoma tungepaswa kuwa watu wa mwisho kulichukulia hili kuwa la kawaida. Enzi za mkoloni mkoa huu uliachwa bila zao kubwa la biashara ili watu wake wawe nguvu kazi ya wengine. Waha walipanda treni pale stesheni ya Kigoma na njiani kote kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, SILABU, kazi yake ilikuwa kuwakusanya. Babu yangu upande wa mama alikuwa mmoja wao. Mfumo ule ulikuwa wa kikatili na sina la kuusifu. Lakini manamba, kama walivyoitwa vibarua hao, alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyomaliza sehemu yake ilitiwa alama. Alidhulumiwa kwenye kipimo cha sehemu hiyo, alidhulumiwa kwenye kiwango, na sehemu ya ujira wake ilizuiliwa hadi mkataba uishe. Walau ilikuwapo karatasi iliyosema kwamba alifanya kazi. Mrundi anayelima leo kwa mjukuu wa manamba hana hata hiyo.

Najua majibu yatakayokuja, na mawili kati yake ni ya maana.

La kwanza ni usalama. Mtu asiyekuwa Kibondo au Kasulu miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili anaweza kulidharau, sisi hatuwezi. Mabasi yalisindikizwa na polisi. Silaha zilizotoka kwenye vita vya jirani zilitumika barabarani kwetu. Mtu anayeogopa kijiji kujaa watu wasiojulikana hana chuki, ana kumbukumbu. Ila tazama hofu hiyo inahitaji nini: inahitaji kujua nani yuko wapi, analala kwa nani, amekuja lini. Utaratibu wa sasa unafanya kinyume chake. Kibarua anafichwa na tajiri, tajiri anamficha mtendaji wa kijiji, balozi wa nyumba kumi anajifanya hajaona, kwa sababu akiandikwa popote amejitia kitanzi. Anajulikana kwa vyombo vya dola siku moja tu, ile ya kuondolewa. Jambazi halisi, kwa kuwa ana hela ya kutoa njiani, anapita.

La pili ni ajira za vijana wetu. Hapa nina ugomvi na wenzangu wanaolitaja kwa sauti kubwa. Kijana wa Uvinza hawezi kushindana na mtu ambaye gharama yake halisi kwa mwajiri ni unga na maharage. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Ukimpata mtu wa miezi minane kwa posho tu, umeokoa zaidi ya milioni moja kwa kichwa. Kwa nini umwajiri Mtanzania ambaye ana shangazi kwenye kata na anajua njia ya kwenda kwa mkuu wa wilaya? Kumnyima Mrundi haki ya kudai kunamfanya apendwe zaidi na mwajiri mbaya. Anayetaka kumlinda kijana wa hapa ahakikishe mgeni naye ni lazima alipwe kikamilifu.

Lipo na la tatu, kwamba sheria ni sheria. Hili nalipokea kabisa, na ndiyo maana naomba zote zitekelezwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aweke masharti ya kazi kwa maandishi, na inasema kuwa akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo ni wake yeye. Kifungu kizuri hicho kwa mtu asiye na karatasi! Sheria hiyohiyo inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kumpa wa chini ya miaka 18 kazi za hatari. Kuchuma tumbaku mbichi yenye umande ni kazi ya hatari: nikotini hupenya kwenye ngozi, na mtu mzima hutapika na kuona kizunguzungu, sembuse mtoto. Tumbaku ya Tanzania imo kwenye orodha ya Wizara ya Kazi ya Marekani ya bidhaa zinazozalishwa kwa kazi za watoto, na miongoni mwa watoto wanaotembea na dalali wapo waliotoka ng'ambo ya mpaka. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamhusu dalali huyo moja kwa moja. Ni lini mara ya mwisho umesikia dalali wa vibarua amepandishwa kizimbani Kibondo? Wanaopandishwa ni waliosafirishwa.

Ugumu wa kisheria uko mahali pamoja, na ni ugumu kweli. Kumekuwa na maamuzi ya mahakama zetu yanayosema mkataba wa mgeni asiye na kibali cha kazi ni batili, na kwamba kisicho halali hakiwezi kuzaa haki. Kimantiki ni sawa. Kishambani, maana yake ni kwamba mwajiri aliyevunja sheria kwa kuajiri anazawadiwa kwa kutolipa. Afrika Kusini walilikuta tatizo hilohilo, na mwaka 2008 Mahakama yao ya Kazi ikaamua kwamba mfanyakazi ambaye kibali chake kimekwisha bado ni mfanyakazi mbele ya sheria ya kazi. Mwajiri aadhibiwe kwa kuajiri, lakini asiitumie adhabu hiyo kama ngao. Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unasema jambo la jirani na hilo: hata anayeondolewa nchini ana haki ya ujira wa kazi aliyokwishaifanya. Kenya na Uganda waliuridhia zamani. Sisi bado.

Kuna watakaosema Jumuiya ya Afrika Mashariki itamaliza mambo haya. Burundi iliingia 2007, itifaki ya soko la pamoja ikaanza kazi Julai 2010, na Kongo nayo imeingia 2022. Nimeacha kuingojea. Uhuru wa wafanyakazi kuvuka katika itifaki ile unafuata jedwali la ahadi la kila nchi, na ahadi zetu zinawahusu wenye vyeti. Mwalimu wa hesabu yumo. Mpiga jembe, ambaye ndiye anayevuka kila mwaka kwa wingi kuliko walimu wote wa Jumuiya, hayumo. Hata hicho kibali cha kazi cha 2015 huombwa na mwajiri, na inabidi aridhishe mamlaka kwamba Mtanzania wa kuifanya kazi hiyo ametafutwa akakosekana. Sijaona mkulima wa ekari tatu atakayesafiri na makabrasha hayo kwa ajili ya mtu wa kumpalilia mahindi.

Ninapowaza mabadiliko, kwa hiyo, siwazi mkataba mkubwa wa marais. Nawaza mstari mmoja kwenye fomu. Mtu anapokamatwa kwa kukosa kibali aulizwe, na jibu liandikwe: ulikuwa unafanya kazi kwa nani, tangu lini, na unamdai kiasi gani. Karatasi hiyo imfikie afisa kazi kabla gari halijaelekea mpakani. Mwajiri aitwe, alete masharti ya maandishi au ashindwe. Fedha ikipatikana ilipwe, mtu aondoke na chake, sheria ya uhamiaji imefuatwa bila kupungua hata nukta. Kuna watakaodanganya viwango. Wapo pia waajiri wanaodanganya, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, ipo kwa sababu watu hudanganya. Tatizo la Tume ni kwamba inakaa mjini na ina ukomo wa siku, 30 kwa aliyeachishwa na 60 kwa madai mengine, na mtu aliyeshushwa Manyovu haji tena Kigoma mjini kusikiliza shauri. Ndiyo maana swali liulizwe akiwa bado mikononi mwetu.

Yupo msomaji atakayeona napoteza wino kwa Warundi ilhali Watanzania wana shida zao. Basi tuwataje Watanzania. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti zilizochukuliwa, mishahara isiyolipwa, na mfumo ambao mfanyakazi akimkimbia bosi wake anageuka mkosaji siku hiyohiyo. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Mikoa hii ya magharibi nayo ina mabinti huko. Bosi wa Muscat aliwashika kwa kitu kilekile: kibali. Ubalozi wetu ukisimama kumdai bosi huyo mishahara ya binti wa Ujiji ambaye muda wake wa kukaa umekwisha, unadai kanuni ambayo Kasulu hatuitambui.

Kwenye tumbaku, hata fomu ya polisi haihitajiki kuwa ya kwanza. Nimesema fedha yote ya mkulima hupitia chama cha msingi na makato hufanyika hapo. Kwa nini mshahara wa kibarua usiwe miongoni mwa makato? Majina yaandikwe mwanzo wa msimu pamoja na mifuko ya mbolea, kiwango kitajwe mbele ya katibu, na malipo yatoke mzigo ukiuzwa, kabla ya mkulima. Naona kikwazo: chama kuandika jina la mtu asiye na kibali ni kujitafutia kesi. Hapo mkoa unaweza kusaidia kwa kibali cha msimu cha wakazi wa mpakani, kwa ada ndogo, chenye mwanzo na mwisho. Vikao vya ujirani mwema kati ya viongozi wa Kigoma na wenzao wa Burundi vipo na hukaa. Hukaa kuzungumzia wizi wa mifugo na njia za panya. Ajenda hii ina nafasi yake palepale.

Sitarajii halmashauri ziwe na haraka. Baadhi ya wanaokaa kwenye mabaraza yake wana mashamba, na mashamba yana vibarua. Ningeanza na wanunuzi. Kampuni za tumbaku zinatuma watu mashambani msimu mzima. Wanakagua miche, wanaangalia mabani, na wanauliza kama kuna watoto wanaofanya kazi, kwa kuwa wateja wao wa nje hawataki aibu hiyo kwenye bidhaa yao. Fomu wanayo, pikipiki wanayo, mafuta wanawekewa. Waongeze maswali mawili: una vibarua wangapi, na hadi leo kila mmoja anakudai kiasi gani. Waulizwe na vibarua wenyewe, tajiri akiwa mbali. Majibu yasipolingana, au vibarua waliokuwepo Februari wakikosekana Mei na hakuna stakabadhi ya malipo, pembejeo za msimu unaofuata zisitoke.